Mauaji ya Miaka Mingi Hufichuliwa na Ushahidi wa Siku ya Kwanza

Kesi ya mauaji haina ukomo wa muda kisheria. Kinachotoweka ni ushahidi. Mwaka 2018, huko California, Marekani, Joseph James DeAngelo, askari polisi wa zamani, alikamatwa kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Mtindo wake wa kuvamia nyumba usiku na kufunga watu kamba uliwafanya wapelelezi wahisi kuwa matukio ya maeneo tofauti yalitendwa na mtu mmoja. Vinasaba vilithibitisha, kwa kuwa sampuli zilitunzwa. Mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya watu 13.

Nchini Tanzania, uchunguzi wa vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Katika pwani ya Tanga, kuanzia Pangani hadi Mkinga, joto na unyevunyevu huharibu vinasaba haraka. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye plastiki huota ukungu, ndiyo maana wataalamu huikausha na kuihifadhi katika karatasi.

Kwa hiyo, mwananchi anayekuta tukio asiguse wala kuosha chochote, azuie watu kusogea, na atoe taarifa polisi mara moja. Alama iliyofutwa siku hiyo hairejeshwi na maabara yoyote.