Kadi ya Mukoko Bado Inagombanisha Mashemeji
Hii ngoma haiishi! Tarehe 25 Julai 2021 Simba aliifunga Yanga 1-0, fainali ya Kombe la Shirikisho, uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma mjini. Mpaka leo bodaboda mmoja wa Kasulu, Yanga damu, hasalimiani na shemeji yake wa Kibondo, Mnyama kindakindaki.

Huyu anasema bila kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe wasingefungwa. Yule anajibu kichwa cha Lwanga hakikuuliza mko wangapi.

Wananchi wana hoja: wako pungufu tangu kipindi cha kwanza na bado wakakaza hadi dakika kumi za mwisho kama hivi. Ila lile goli ni la kona bana, na kwenye boksi watu kumi wanatosha!

Anayeumia ni dada wa watu. Krismasi kapika, kaka hakutokea.