Msiogope kumtetea muuaji, ogopeni pesa za mteja

Kijana akitangaza nyumbani kwamba amepata nafasi ya kusomea sheria, haponi swali hili. Shangazi ataliuliza, mchungaji ataliuliza, hata makanga wa matatu ya mtaani kwao ataliuliza: "Kwa hivyo utakuwa ukitetea wezi na wauaji?" Kijana wa watu hubabaika. Wengine huapa papo hapo kwamba wao watashika masuala ya ardhi na mikataba, kazi safi, na kesi za jinai wawaachie wasio na haya. Kiapo hicho hunichekesha. Anayetaka kumpata wakili mchafu katika Kenya hii, na aanzie huko huko kwenye ardhi na mikataba.

Wakili anayemtetea mshukiwa wa mauaji hana dhambi ya kutubu. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo, na kinampa haki ya kuwa na wakili. Pale ambapo kukosa wakili kutamdhulumu pakubwa, serikali ndiyo imtafutie na kumlipia. Nani basi atasimama naye, ikiwa kila aliyesoma sheria anaogopa shangazi yake atasema nini?

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni na amkumbuke wakili Willie Kimani. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa mwendeshaji bodaboda aliyepigwa risasi na polisi, kisha akashtakiwa yeye aliyepigwa. Tarehe 23 Juni 2016 wawili hao walitoka katika mahakama ya Mavoko ndani ya teksi ya Joseph Muiruri, na hakuna kati ya watatu hao aliyefika kwake. Miili yao iliopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa Mahakama Kuu kuwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao, na Februari 2023 afisa Fredrick Leliman akahukumiwa kifo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hunikasirikia. Katika miaka yote hiyo Leliman na wenzake walikuwa na mawakili. Mawakili wao hawakumsaliti Kimani. Kwa kuwa mashahidi walihojiwa vikali na ushahidi ukasimama, hukumu ile ina uzito ambao hakuna wa kuupuuza. Na wewe unayesema watu wale hawakustahili wakili, umekwisha kukubaliana na yule aliyeamua kwamba Mwenda naye hakustahili.

Mpaka upo, na kila wakili anaujua. Mteja akikuungamia kwamba alitenda, unaweza kuidai serikali ithibitishe, lakini huwezi kumpandisha kizimbani shahidi unayejua amekuja kudanganya. Siri zake utazitunza. Njama yake ya uhalifu mpya haina kinga ya sheria.

Lakini hayo yote ni mitihani ya nadra. Mtihani wa kila siku uko kwenye pesa.

Chukua kesi za ajali za barabarani, zinazolisha ofisi nyingi za mawakili mijini. Mama amevunjika nyonga kwenye matatu. Wakala asiyemjua anamfuata mpaka wodini na fomu, mama anatia kidole gumba. Wanakubaliana "tukishinda tutagawana", ingawa Sheria ya Mawakili inabatilisha mapatano ya kulipwa kesi ikishinda tu. Miaka inapita. Kampuni ya bima inakubali kulipa, hundi inaandikwa kwa jina la ofisi ya wakili, inaingia benki. Kanuni zinasema pesa hizo zikae katika akaunti ya wateja, mbali na pesa za wakili mwenyewe. Wakili ana karo ya watoto, ana mkopo wa gari, ana kodi ya ofisi ya miezi mitatu. Anachota "kidogo, nitarudisha". Mama anakuja mjini na bahasha yake ya kaki, anapanda ngazi kwa mkongojo kwa kuwa lifti imeharibika, anaambiwa wakili yuko kortini, aje wiki ijayo. Wiki ijayo anaambiwa watu wa bima wanachelewesha. Anawalaani watu wa bima njia nzima hadi kwao.

Na anayemwambia hivyo ni nani? Mara nyingi ni mwanagenzi, kijana yuleyule aliyeapa hatawatetea wezi. Yuko katika miezi sita ya mafunzo ya ofisini, halipwi au anapewa nauli tu, na anayemfundisha ndiye atakayemtilia sahihi karatasi zake. Katika Chuo cha Sheria cha Kenya amefanya masomo tisa, mojawapo maadili ya taaluma, akayakariri, akayapita. Kisha bosi anamwambia: "Mwambie huyo mama sipo." Anamwambia. Hakuna jaji aliyemwona, hakuna aliyemwapisha. Uwakili wake umeanza kuoza hapo mapokezi, kabla hata hajavaa joho.

Chama cha Mawakili kinajua haya. Januari 2024 mawakili waliandamana kupinga kauli za Rais William Ruto dhidi ya mahakama, na walifanya vyema, niliwapigia makofi. Mtaandamana lini kwa ajili ya mama mwenye mkongojo? Au uhuru wa mahakama unavutia kamera, na akaunti ya wateja haivutii? Wapo mawakili waaminifu, tena wengi, na wanawajua kwa majina wenzao wanaokula pesa za majeruhi. Wanakaa nao meza moja, wanawaita "mwenzangu msomi", wananyamaza. Kunyamaza huko nakuita ushirika.

Kwa hivyo, mwanangu unayeingia chuoni, mtetee muuaji kwa nguvu zako zote, na shangazi akikununia mwache anune. Lakini siku utakayotumwa umwambie mteja hundi haijafika, nawe umeiona kwa macho yako ikipelekwa benki, kataa, hata ikibidi utafute ofisi nyingine ya kumalizia mafunzo. Nawe mteja, usingoje kuhurumiwa. Nenda kwa kampuni ya bima mwenyewe ukaulize hundi ilitoka tarehe gani, ilikuwa ya kiasi gani na iliandikwa jina la nani. Ukiisha kuyajua hayo, peleka lalamiko lako kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na ubaki na nakala.