Pakiti Haipotei, Hutupwa: Changamoto kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Ni jambo lisilopingika kuwa Kiswahili kimepiga hatua katika uwanja wa tarakilishi. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, kutaja vitu ni kazi moja, na kueleza hitilafu ni nyingine. Katika hii ya pili, lugha yetu ingali inasitasita.

Tazama maabara yoyote ya tarakilishi katika vyuo vya Kericho na Bomet. Mawasiliano yakikatikakatika, kauli husikika mara moja: "Mtandao umepotea." Mvua hulaumiwa, kisha kampuni ya intaneti. Kitenzi "kupotea" hakina mtenda. Hivyo hakuna anayeulizwa.

Mkulima wa chai hakubali kauli kama hiyo. Majani yake hupimwa katika kituo cha kununulia, kisha hupimwa tena kiwandani, kule Litein au Mogogosiek. Mizani ikitofautiana, yeye huuliza: yameanguka njiani, yamekataliwa kwa kuharibika, au vitanda vya kunyaushia vilikuwa vimejaa?

Maswali hayo matatu ndiyo ya fundi wa Linux. Amri ya "ip -s link" humwonyesha hesabu ya pakiti zenye makosa mbali na hesabu ya zilizotupwa. Kwa kuwa hesabu hizo hujumlishwa tu, hana budi kuzisoma mara mbili, akitenganisha kwa dakika chache, aone kipi kinaongezeka. Makosa yakiongezeka, pakiti zinafika zikiwa zimeharibika. Achunguze kebo na viungio vyake. Zilizotupwa zikiongezeka, huenda zimefika salama ila foleni imejaa. Hapo "ethtool -S" humpa hesabu za kadi yenyewe, na "ethtool -g" humwonyesha ukubwa wa foleni ya kadi na kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Safu ya pili ya faili "/proc/net/softnet_stat" nayo hufichua pakiti zilizotupwa kwa sababu kichakato kilizidiwa. Aidha, tangu toleo la 2.6.37 la mwaka wa 2011, Linux huhesabu miongoni mwa zilizotupwa hata pakiti za itifaki isiyoitambua. Hiyo si hasara. Ni majani ya mti mwingine yaliyokataliwa mlangoni.

Hapa ndipo utajiri wa Kiswahili unapojitokeza. Kiingereza hutosheka na neno moja kwa visa vingi. Kiswahili kina "kuanguka", "kuangushwa", "kutupwa", "kukataliwa" na "kuharibika". Na kauli ya kutendwa humlazimisha msikilizaji kuuliza: na nani? Mnyambuliko wa vitenzi, unaofundishwa darasani kana kwamba ni mapambo ya sarufi, ni chombo cha uchunguzi.

Wapo watakaodai kuwa kazi hii ni bure kwa kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza. Amri ni ishara tu. Fundi huiandika kwa vidole, lakini hufikiri kwa lugha, na humweleza mkuu wa chuo kwa lugha. Asipoweza kueleza, chuo hununua intaneti ya kasi zaidi ilhali tatizo ni kebo ya mita 3.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo haitakamilika kwa makongamano na orodha za istilahi pekee. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili na viandamane na wenzao wa idara za tarakilishi hadi chumba cha seva, viandike miongozo ya uchunguzi, kisha vimpe fundi aijaribu. Mwongozo utakaomwacha njiani urudishwe ukaandikwe upya. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Lugha isiyoweza kuyataja maradhi ya mitambo yake nayo huyaficha.