Nyumba ya Ndoa Haiuzwi na Mtu Mmoja

Katika nchi ya dhahabu bei ya nyumba haifuati ubora wa kuta zake. Segese, katika Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, ni mahali pa namna hiyo. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, uko katika ukanda huo huo, na wachimbaji wadogo wanafanya kazi pande nyingi. Habari ya mwamba mpya inapoenea, nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo jana hakuna aliyeiulizia, leo huuliziwa na watu watatu wenye fedha mkononi. Hapo ndipo mauziano hufanyika kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi.

Tunazungumzia mauziano yanayofanywa na mume peke yake, mke akiwa shambani au amekwenda kwao kuuguza. Karatasi ya daftari huandikwa, mashahidi wawili hutia saini, mwenyekiti hugonga muhuri, fedha huhesabiwa. Mke anaporudi hukuta mgeni akibadilisha kufuli.

Wapo wanaosema kwamba mwanamume ndiye aliyejenga, kwa hiyo ndiye mwenye haki ya kuuza. Hoja hii ni ya zamani, na sheria iliikataa zamani vile vile. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume, na kinamkataza mke pia, kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja wao tu. Ikiwa mmoja ameuza kwa siri, mwenzake anabaki na haki ya kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamuru vinginevyo. Mnunuzi huepuka jambo hilo kwa njia moja tu: athibitishe kwamba hakujua habari za mke huyo, na kwamba asingeweza kujua hata kama angefanya uchunguzi wa kutosha. Tunajiuliza ni mnunuzi gani wa Segese atakayesimama mbele ya hakimu na kusema hivyo. Masufuria yamo jikoni, khanga zimeanikwa kambani, na majirani wote wanamwita mama fulani.

Kwa wale wanaoshikilia kwamba mke hakuchangia tofali hata moja, tunakumbusha kwamba Mahakama ya Rufani ilikwisha kulijibu jambo hilo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, alitoa hukumu juu ya mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alipinga, akitegemea kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Jaji alikataa ubaguzi huo: mwanamke anayo haki ya kuuza ile ile aliyo nayo mwanamume, kwa masharti yale yale.

Mzigo hauko kwa muuzaji peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, inamtaka mnunuzi aulize kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Muuzaji akimdanganya kwa makusudi, yule ambaye hakuridhia anaweza kuyatangua mauzo hayo. Mnunuzi atakuwa na haki ya kudai fedha zake, ni kweli, lakini azidai kwa nani, ikiwa zimekwisha kuteremka ndani ya duara na mwamba haukuonekana? Kwa hiyo tunapotetea haki ya mke tunamtetea pia mnunuzi mwaminifu, ambaye mara nyingi ni mchimbaji aliyetafuta mtaji huo kwa miaka.

Liko na suala la muhuri. Katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa hakimiliki ya kimila upate kibali cha halmashauri ya kijiji, na uhamisho usiokuwa na kibali hicho ni batili. Halmashauri ya kijiji ni wajumbe kati ya 15 na 25 waliokaa kikaoni na kuandika muhtasari. Mwenyekiti aliyefuatwa nyumbani jioni na muhuri wake si halmashauri, hata awe mtu mwema kiasi gani. Malipo yoyote anayodai yasiyo na stakabadhi ya serikali yasichukuliwe kuwa ndiyo kibali.

Muuzaji anao wajibu mwingine. Mkataba uwe wa maandishi, ueleze mipaka, deni kama lipo, na mpangaji kama yumo. Kodi ya mapato juu ya faida ya mauzo na ushuru wa stempu visifichwe kwa kuandika bei ya uongo, maana bei hiyo ya uongo ndiyo mnunuzi atakayoshikiliwa nayo siku ya kudai fedha zake. Mjane au mtoto wa marehemu asiuze kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi. Tena muuzaji asipandishe bei kwa madai kwamba chini ya sebule kuna dhahabu. Madini ni mali ya Jamhuri, na anayenunua nyumba hanunui leseni ya kuchimba.

Ugomvi ukitokea, tangu mwaka 2021 baraza la kata lina kazi ya kusuluhisha tu. Uamuzi hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama, na mama aliyetolewa nyumbani na watoto ndiye asiyekuwa na nauli.

Ndiyo maana tunaziomba halmashauri za vijiji vya Segese na jirani zake zisingoje ugomvi. Kila ombi la kuuza nyumba libandikwe kwenye ubao wa matangazo siku 14 kabla ya kikao, na mke wa muuzaji aitwe kikaoni kwa jina lake, aulizwe mbele ya wajumbe, na jibu lake liandikwe katika muhtasari. Mnunuzi asiyeweza kungoja siku hizo, tunamshauri azirudishe fedha zake mfukoni.