JASHO LAKO LALIWA DOHA, WAKUBWA WASHANGILIA NAIROBI!

Kila mtaa una kijana wake aliyeuza ng'ombe wa babake, au kukopa kwenye chama cha mamake, ili amlipe ajenti aende Qatar kuwa soja. Labda ni wewe, na viza unaisubiri sasa hivi. Basi kabla hujatia sahihi, kaa chini tupige hesabu, maana hao wanaokuharakisha upande ndege hawatakupigia.

Sheria ya kazi ya Qatar ya 2004 inasema wiki ni saa 48 na siku moja ya kupumzika. Ovataimu inalipwa kwa nyongeza isiyopungua robo. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini ni riyali 1,000, mbali na malazi na chakula. Karatasi tamu, sivyo? Lakini Amnesty International ilipowahoji walinzi wa huko, Wakenya na Waganda wakiwemo, ripoti yake ya 2022 ilianika watu wanaosimama juani saa 12 kwa siku, siku 7 kwa wiki, miezi na miezi.

Saa 12 mara siku 7 ni 84. Toa 48. Zimebaki 36. Kwa mtu wa riyali 1,000, saa moja ni kama riyali 5; tia robo, zinakuwa 6. Kwa wiki nne ni zaidi ya riyali 850. Karibu mshahara wa pili mzima! Na aliyeuiba hakushika panga wala hakuvunja mlango. Alikaa ofisini kwenye kiyoyozi, na kalamu.

Mbona hakamatwi? Siri ni moja: wewe ni wa muda, naye anajua. Ukidai, anakuambia ngoja mwezi ujao. Ukienda kwenye kamati ya migogoro ya kazi, kesi inaburutwa huku huna mshahara, kitanda unacholalia ni chake, na deni la nyumbani linazaa. Qatar inajisifu kwamba 2020 ilifuta sharti la kuomba ruhusa ya tajiri ili uhame kazi. Sawa. Lakini tajiri huyohuyo bado anaweza kufuta kibali chako cha kuishi, au kukushtaki kwamba umetoroka. Ukishatua JKIA, nani atarudi Doha kukudai miezi yako ya mwisho na kiinua mgongo?

Mkenya mwenzetu Malcolm Bidali, soja, alithubutu kuyaandika haya. Mei 2021 akakamatwa, akafungiwa chumba cha peke yake, na kabla ya kurudi nyumbani akapigwa faini juu. Faini!

Na FIFA? Mwaka 2022 iligawia timu dola milioni 440. Watetezi wa haki wakataka kiasi hichohicho kiwekwe kwa ajili ya vibarua. Novemba 2024 ikatangaza mfuko wa dola milioni 50, na walioibiwa mishahara hawamo. Desemba hiyohiyo ikaipa Saudi Arabia Kombe la 2034. Viwanja hivyo vitajengwa na nani, vitalindwa na nani? Tazama viganja vyako.

Huku kwetu serikali inapiga debe la Kazi Majuu, na inazipenda dola mnazotuma, kwani zimeipita hata chai. Zile ambazo hazikufika hakuna anayezihesabu.

Ukienda, nenda na daftari. Andika saa zako kila usiku, piga picha mkataba, mwachie ndugu yako nakala. Na mheshimiwa akija mtaani kwenu na kipaza sauti, mwulize: Tajiri akikimbia na mshahara, ajenti aliyekula pesa zetu atalipa? Ubalozi wetu una wakili wa kazi, au una picha ya Rais ukutani tu? Ameweka sahihi mkataba gani na Riyadh, na mbona hatujausoma? Asishuke jukwaani kabla ya kujibu.