Maji ya Jinja na Mbale Hayapangwi kwa Wastani

Aghalabu yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi, fikra za watu hukimbilia ukame, visima vikavu na ng'ombe waliokonda. Lakini sisi wa mashariki ya Uganda tumekwisha kuonyeshwa dhahiri kwamba maji safi yaweza kuadimika hata katikati ya gharika.

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mvua kubwa ilishuka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika na kuingia Mbale, ikachukua roho za watu zaidi ya 20, na pamoja na nyumba na madaraja ikang'oa mabomba, hata watu wapatao 400,000 wakakosa maji safi ilhali maji yametapakaa kila upande. Na maji gani hayo! Ukiyateka kwa ndoo ukayaacha yatulie, tope la mashamba ya mlimani hujilaza chini, na yale ya juu, ambayo macho huyaona kuwa meupe, yamepita vyooni kabla ya kukufikia. Mwezi uo huo, huko Karamoja, kaskazini ya mlima huo huo, watu walikuwa wakifa kwa njaa, na ukame ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Mambo hayo mawili yana asili moja. Hewa ikizidi joto kwa digrii 1 ya Selsiasi, huweza kuchukua mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7; kwa hiyo wakati wa kiangazi huinyonya ardhi kwa pupa, kisha huyamwaga maji yote kwa saa chache juu ya miteremko iliyofyekwa miti, ambayo haina tena uwezo wa kuyanywa.

Jinja nayo haikusalimika. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi, yapata asilimia 80, kwa mvua inayoliangukia lenyewe, na sehemu kubwa hurudi angani kwa mvuke, basi badiliko dogo la mvua au joto hulitikisa ziwa zima. Mwaka 2006 lilikuwa limepwa mno, ingawa insafu yatulazimu kusema kwamba mabwawa ya umeme nayo yalikuwa yamefungulia maji kupita kiasi. Na Mei 2020 lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 na kuzamisha magati na nyumba za wavuvi.

Kwa hiyo nasema bila kuficha kwamba kupanga maji kwa wastani wa miaka ni taksiri kubwa, maadamu wastani wa mafuriko na ukame ni mwaka mwema ambao hatuupati. Bomba lipimwe kwa mto uliofurika, na tangi kwa kiangazi kirefu; mapaa ya shule yatiwe mifereji ya kukinga mvua; na kinamasi cha Namatala, kinachopunguza kasi ya maji na kuyachuja, kisiendelee kumegwa kwa mashamba ya mpunga na viwanja. Jinja na Mbale zilipewa cheo cha jiji pamoja, Julai 2020, na matumizi ya namna hiyo yatangulie taa na lami katika bajeti zao. Na wakati wa kuziomba fedha nchi tajiri, zilizoijaza anga moshi kuliko sisi, wakubwa wetu wasiombe kana kwamba wanaomba sadaka.