Tunanunua Vifaa, Tunamsahau Mwalimu

Umeenea katika shule zetu za msingi, na hasa zile zinazoendeshwa na kamati za misikiti, mtindo ambao hatuna budi kuusema hadharani hata kama baadhi ya ndugu zetu watachukia. Michango inapitishwa baada ya swala ya Ijumaa, vinanunuliwa vishikwambi vinane au projekta moja, anaalikwa mgeni rasmi, picha zinapigwa, na wazazi wanaambiwa kuwa shule yao sasa inafundisha kisasa. Baada ya miezi mitatu vifaa vimo kabatini, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na mtoto wa darasa la tatu bado anaunganisha silabi kwa mashaka. Tunauliza: ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kufundisha kwa vifaa hivyo, na alifunzwa lini namna ya kuifanya?

Hatusemi haya kwa kuichukia teknolojia. Wapo miongoni mwetu wanaoona kila kioo chenye mwanga kuwa ni fitna kwa mtoto, na hao nao wamekosea. Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wanaokaribia 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa ajili ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Wengi wao hawakuwahi kusoma shule. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu.

Hilo ni jambo kubwa, na mwenye insafu hatalikanusha. Lakini wauzaji wa vifaa huishia hapo katika kusimulia. Habari hiyo hiyo, ikisomwa hadi mwisho wake, inatuambia kuwa kwa programu tano zilizochujwa kutoka duniani kote, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima, karibu nusu ya watoto walibaki pale pale walipokuwa. Wale hawakuwa na mwalimu. Sisi tunaye, tunamlipa (japo kwa kuchelewa), kisha tunamweka kando ili kifaa kifanye kazi yake.

Na si Tanga peke yake. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za msingi vijijini chini ya mpango wa One Laptop per Child. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukupata ushahidi wowote kuwa alama za hisabati na lugha zilipanda. Kompyuta zilifika, ila namna ya kufundisha haikubadilika.

Ufundishaji mseto, yaani kuchanganya somo la mwalimu na somo la kwenye kifaa, una maana gani basi? Tuchukue darasa la tatu lenye watoto 64 na vishikwambi vinane. Kundi la watoto 16 linakaa wawili wawili kwenye vishikwambi. Kundi la pili linafanya zoezi daftarini, la tatu linasomeana hadithi kwa jozi, na la nne linakaa na mwalimu. Kila dakika 20 makundi yanabadilishana, na katika vipindi viwili vya dakika 40 kila mtoto amepita kila mahali. Angalia kilichotokea: mwalimu aliyekuwa akipaza sauti kwa watoto 64 sasa amekaa na 16, anamsikia kila mmoja akisoma, anamjua aliyekwama. Kwetu sisi hiyo ndiyo faida kubwa ya kishikwambi, kwamba kinampa mwalimu nafasi ya kukaa na wale ambao hawakukishika. Lakini makundi hayo hayajipangi yenyewe. Yanataka maandalizi ya jana yake, na mwalimu aliyekwisha kuonyeshwa namna, akajaribu, akakosea na kusahihishwa.

Tulipata kuingia katika darasa moja ambamo filamu ya katuni ya hesabu ilionyeshwa kwa projekta kipindi kizima, mwalimu amekaa nyuma akisahihisha madaftari. Tulipomuuliza mtoto amejifunza nini, alijibu: "Simba alianguka." Filamu yenyewe ilikuwa nzuri. Ilihitaji tu swali kabla ya kuwashwa, kusimamishwa katikati ili watoto wakisie jibu na kulijadili na jirani, na hesabu moja ya kuandika kabla ya kengele.

Tusijitoe katika lawama hii. Tuliporejea kutoka masomoni, baada ya miaka ya kuandika maneno ya masheikh kwa Kiarabu, tuliwafundisha watoto wa madrasa kwa njia ile ile: sisi tunasema, wao wanaitikia kwa pamoja. Sauti ilikuwa kubwa na fahamu kidogo. Ilhali imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba juu ya mti usiopukutisha majani, akawaacha wafikiri, nao wakaitaja miti ya jangwani. Ibn Umar alijua kuwa ni mtende, akanyamaza kwa haya kwa kuwa alikuwa mdogo wao. Kila darasa lina Ibn Umar wake, na mwalimu anayewachagua walionyoosha mikono mbele hatamfikia. Vijiti vyenye majina ya watoto, vikichomolewa kimoja kimoja kutoka kwenye kopo, vitamfikia, na gharama yake ni sufuri.

Vivyo hivyo kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibainisha katika miaka ya 1970 kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujibu. Hilo nalo halihitaji umeme.

Kwa hiyo, Ijumaa ijayo kamati ikisimama kuomba mchango wa vifaa, tunawaomba wazazi waulize mbele ya watu: Ni siku ngapi zimetengwa za kuwafunza walimu, na fedha ya siku hizo iko wapi? Ni nani atakayekaa na mwalimu darasani muhula wa kwanza kumwelekeza? Nani atachaji vishikwambi, na ufunguo wa kabati utakaa kwa nani? Na mishahara ya walimu ya miezi iliyopita, imelipwa?

Wabillahi tawfiq.